Mtoto wa kundi A, mfuko wa chembe sahani wa kundi O: kilichotokea usiku ule

Naandika kisa hiki kutoka upande wa maabara, benki ya damu, siyo upande wa daktari, kwa hiyo mambo ya dawa za saratani nitayapita haraka. Jina la mtoto sitaji na hospitali sitaji. Nataka tuongelee mfuko mmoja tu wa chembe sahani, zile tunazoziita pletileti wodini, zinazosaidia damu kuganda, na namna ulivyomfanya mtoto wa kilo 11 akojoe mkojo wa rangi ya chai ya rangi iliyokolea.

Mtoto wa kiume, miaka 2 na miezi 8, ana lukemia, yaani saratani ya damu, yupo wiki ya pili ya kemo, zile dawa za saratani. Wiki hizo za mwanzo uboho unakuwa kama umelala, hautengenezi kitu, kwa hiyo chembe zote zinashuka kwa pamoja. Jumapili jioni pua yake ilikuwa inavuja tangu mchana, fizi zinatoa damu, miguuni kajaa vidoa vidogo vyekundu. Majibu yakaja: chembe sahani 8, yaani elfu 8 kwa maikrolita moja wakati mtu mwenye afya anaanzia elfu 150, na HB, yaani himoglobini, kipimo cha wingi wa damu, 8.1. Kundi lake la damu A chanya. Hapo hakuna wa kubishana, anatakiwa chembe sahani na anatakiwa sasa hivi, maana chini ya 10 huku anavuja unakuwa unaogopa kichwa, damu ikivuja ndani ya ubongo hakuna cha kurudisha.

Sasa chembe sahani sio kama damu nzima ambayo unaiweka kwenye friji ikakaa wiki 5. Zinakaa joto la chumba, nyuzi 20 hadi 24, juu ya kile kimashine kinachotikisika taratibu masaa yote, na zinakaa siku 5 tu. Ndo maana hazipo nyingi, na mara nyingi ukizihitaji unaambiwa tafuta ndugu. Huyu mtoto mjomba wake alikuwa ametoa siku mbili nyuma kwa mashine ya aferesisi, ile inayochukua chembe sahani na kumrudishia mtu chembe zake nyekundu. Mfuko mmoja, mililita 240, kundi O. Za kundi A hazikuwepo hata mfuko. Aliyekuwa zamu benki akaangalia, O, akasema O inaenda kwa wote, akautoa. Kwenye ukuta nyuma yake kulikuwa na lile bango mnalolijua, mishale inatoka O inaenda kwa kila mtu.

Mfuko ukaanza kuingia saa mbili kasoro usiku ukaisha saa tatu. Wote, mililita 240. Daktari alikuwa ameandika "chembe sahani mfuko 1", hakuandika mililita, na nesi akafuata kilichoandikwa.

Pua ilikauka kabla ya saa nne! Naomba mlikumbuke hili, kwa sababu ndo lilitupoteza. Mama mtu akashukuru, mtoto akalala, kila mtu akaona kazi imeisha.

Saa sita usiku mtoto akaamka analia, anajikunja, anashika tumbo. Joto 38.4. Daktari wa zamu alifanya ambacho hata mimi ningemwomba afanye, mtoto wa kemo asiye na chembe nyeupe akipata homa ni maambukizi mpaka uthibitishe vinginevyo, akachukua damu ya kuotesha wadudu, akaanzisha antibayotiki ndani ya nusu saa. Tena chembe sahani kwa vile zinakaa joto la chumba ndizo zinazoongoza kwa bakteria kuliko bidhaa nyingine ya damu, kwa hiyo wazo lake lilikuwa sahihi kabisa. Ila lilikuwa wazo moja peke yake.

Saa kumi na moja alfajiri mama anabadilisha pampasi akaita. "Sista, njoo uone, mbona mkojo wa mwanangu umekuwa hivi?" Yule nesi, na nitamshukuru siku zote, hakusema labda ni dawa. Akaitunza pampasi, akafunga mfuko wa kukusanyia mkojo, akapiga simu benki, akauliza swali ambalo hakuna aliyeuliza jioni: "Ule mfuko wa jana ulikuwa kundi gani?"

Mimi ndo nilikuwa nimeingia. Sampuli mpya ikaletwa, nikaizungusha kwenye mashine, na ilipotoka sikuhitaji kipimo kujua. Maji ya juu ambayo kawaida ni ya njano mepesi yalikuwa mekundu kama juisi ya rozela. Hiyo ni himoglobini iliyomwagika, chembe nyekundu zimepasuka zikiwa ndani ya mishipa. HB ilikuwa 5.2. Kutoka 8.1 hadi 5.2 ndani ya usiku mmoja na hakuna anapovuja damu. Bilirubini imepanda, potasiamu imesogea juu, kreatinini, kile kipimo cha figo, nayo imeanza kusogea.

Halafu nikapima kundi upya, na hapa wenzangu wa maabara mtaelewa nilivyojisikia. Kipimo cha mbele, chembe zake, A kama zamani. Kipimo cha nyuma, plazma yake, yaani yale maji ya damu, nikaikutanisha na chembe za A, zikashikana. Mtu wa kundi A kwa kawaida hana kingamwili, wale askari wa kinga ya mwili, dhidi ya A, angejimaliza mwenyewe. Kwa hiyo hizo kingamwili zimetoka kwa mtu mwingine. Kipimo cha Coombs cha moja kwa moja, kinachoonyesha kingamwili zilizonata kwenye chembe nyekundu, chanya, nikaziosha zile kingamwili kutoka kwenye chembe zake na kuzijaribisha, ni dhidi ya A. Nikarudi kwenye kipande cha mpira wa ule mfuko tulichokuwa tumekitunza, nikachukua plazma ya mjomba nikaanza kuipunguza nguvu kwa maji ya chumvi, nusu, robo, moja ya nane, naendelea hivyohivyo. Ilipofika moja kwa 512 bado inashikanisha chembe za A. Nchi zinazopima hiki kitu hazikubaliani mpaka uwe wapi, wengine wanakata kwenye 64, wengine 128, wengine 256, Uingereza wanatumia 128, ila 512 inavuka mipaka yote hiyo.

Sasa tuongee kwa nini, maana hapa ndo kuna kitu ambacho nadhani wengi wetu tulikaririshwa nusu.

Ule usemi wa O inaenda kwa wote unahusu chembe nyekundu. Chembe nyekundu za O hazina antijeni A wala B, yaani zile alama za kundi juu ya chembe, kwa hiyo mwili wa anayepokea hauna cha kushambulia. Lakini plazma ya mtu wa O ni kinyume chake, ndiyo yenye kingamwili dhidi ya A na dhidi ya B zote mbili. Na mfuko wa chembe sahani ni plazma! Chembe sahani zenyewe zinaogelea humo, ukiutazama mfuko unaona maji ya njano yenye kama moshi unaozunguka, na ule ujazo wa mililita 240 karibu wote ni plazma ya mtoaji. Kwa hiyo kwa plazma mishale yote ya lile bango inageuka, anayetoa kwa wote ni AB, na O anatoa kwa O mwenzake. Karl Landsteiner alipoyagundua makundi haya pale Vienna mwaka 1901 alichokiona ni hichohicho, maji ya damu ya mtu mmoja kushikanisha chembe za mwingine. Miaka 120 na zaidi imepita na sisi bado kichwani tunaangalia chembe tu.

Sawa, lakini watu wazima wanapewa chembe sahani za O kila siku na hawapati kitu, mbona huyu? Chukua kalamu. Mtoto wa kilo 11 ana damu kama mililita 75 kwa kilo, jumla mililita 825 hivi, yaani haijai hata chupa ya maji ya lita moja. Mililita 240 ni kama asilimia 29 ya hiyo. Mtu mzima wa kilo 60 ana zaidi ya lita 4, mfuko uleule kwake haufiki asilimia 6, kingamwili zinapotea kwenye wingi wa plazma yake, na nyingine zinanaswa na antijeni A zilizopo kwenye plazma na kwenye tishu za mwili kabla hazijazifikia chembe nyingi. Kwa mtoto hakuna pa kupotelea. Na dozi ya watoto wadogo kwa kawaida ni mililita 10 hadi 15 kwa kilo, kwa huyu mwisho ungekuwa 165, alipewa karibu 22 kwa kilo.

Kuna jambo la tatu ambalo linatuhusu sisi wa huku moja kwa moja. Hizi kingamwili za A na B hatuzaliwi nazo tayari, zinajengeka kuanzia miezi michache ya mwanzo kwa sababu bakteria wa tumboni wana sukari zinazofanana na A na B, mwili unajifunza kuwapiga wale. Ukipata maambukizi mara kwa mara, na baadhi ya chanjo, kiwango kinapanda. Ndo maana tafiti nyingi za Afrika zinakuta watoaji wa O wenye kingamwili kali, zile zinazopasua chembe kabisa na siyo kushikanisha tu, kwa wingi kuliko Ulaya. Hata vidonge vya bakteria wazuri vya tumbo vinaweza, kuna kisa kiliandikwa Marekani mwaka 2009 cha mtoaji wa chembe sahani wa kundi A aliyekuwa anavitumia, kingamwili yake dhidi ya B ikapanda mpaka ikaumiza wagonjwa waliopokea. Kwa hiyo mtoaji aliyekuwa sawa mwaka jana siyo lazima awe sawa leo. Na ukichukulia kwamba karibu nusu ya watu wetu ni O, rafu ya chembe sahani itakuwa na O muda wote, na usiku wa Jumapili ndo itakuwa na O peke yake.

Ndo maana pia ile pua kukauka ilitudanganya. Chembe sahani za O hazina A wala B, mwili wa mtoto haukuzigusa, zilifanya kazi vizuri mno, asubuhi zilikuwa 61. Dawa imefanya kazi na sumu imefanya kazi, zote kutoka mfuko mmoja kwa wakati mmoja, na sisi tuliangalia ile dawa.

Turudi asubuhi ile, maana bado kidogo tuongeze kosa juu ya kosa. Ikaja fomu kutoka wodini, HB 5.2, anaomba chembe nyekundu za kundi A, haraka. Kwa akili ya kawaida ni sahihi, mtoto ni A apewe A. Nikakataa kutoa, nikapanda wodini mwenyewe kwa sababu kwa simu nisingeeleweka. Daktari mdogo kaniuliza, na alikuwa na haki ya kuuliza, "Sasa umesema O ndo imemuumiza, halafu unataka tumpe O tena?" Nikamwambia dokta, plazma ya O ndo iliyomuumiza, chembe za O ndo zitakazomponya. Ndani ya mtoto sasa hivi kuna kingamwili zinawinda A, ukimpa chembe za A unaongeza kuni. Chembe za O hazina A, zitapita katikati kama hazionekani. Tukachukua mfuko wa chembe nyekundu za O, tukaziosha kwa maji ya chumvi ili ile plazma kidogo iliyobaki itoke, krosimachi, kile kipimo cha kulinganisha damu ya mtoaji na ya mgonjwa, safi, akapewa mililita 110 kwa masaa 4. HB ikafika 7.7. Upande wa wodi walimweka kwenye dripu, wakawa wanapima mkojo kila saa kuangalia figo, maana himoglobini iliyomwagika ikipita kwa wingi figo ndo zinalipa.

Rangi ya mkojo ilianza kufunguka jioni ya Jumatatu, Jumatano mkojo ulikuwa wa kawaida. Kreatinini ilirudi bila kusafishwa figo. Maoteo ya bakteria hayakuota kitu. Coombs ikawa hasi siku ya 9 na hapo ndo tukaruhusu apewe tena chembe nyekundu za kundi lake. Kemo ilichelewa siku kadhaa, ila mtoto alitoka.

Sasa kosa lilikuwa la nani? Tulikaa kikao na nilikuwa naogopa kitaishia kwa yule wa zamu benki, ambaye alifanya alichofundishwa. Ukiufuata ule mfuko hatua kwa hatua unaona kila mlango ulikuwa wazi. Fomu haikuwa na sehemu ya uzito, kwa hiyo benki hatukujua kama ni mtoto wa kilo 11 au baba yake. Dozi iliandikwa kwa mfuko. Krosimachi haifanywi kwa chembe sahani, kwa sababu zina chembe nyekundu kidogo sana, na hiyo ni kawaida duniani kote, lakini maana yake ule uzio ambao kwa damu nyekundu ungetukamata haupo kabisa hapa. Mtoaji hakupimwa nguvu ya kingamwili. Na baada ya mfuko kuisha hakuna aliyeambiwa angalia mkojo.

Na siyo kwamba ni siri. Mwaka 1999 jarida la BMJ la Uingereza lilichapisha somo fupi la madaktari kuhusu hilihili, plazma isiyolingana na kupasuka kwa chembe kwa watoto. Miongozo ya Uingereza ya watoto inasema wazi kabisa, chembe sahani za O ni za watoto wa O. Kwa mtoto wa A unaanza na A, ukikosa AB, ukikosa B iliyopimwa kiwango chake, kwa sababu B naye ana kingamwili dhidi ya A ila kwa kawaida ni dhaifu kuliko za O.

Lakini najua swali linalokuja, na ni swali la haki: usiku, ipo O tu, mtoto anavuja, ufanyeje? Unampa! Naomba hapa nisieleweke vibaya, mtoto kufa kwa kuvuja ubongoni huku mfuko upo kwenye rafu kwa sababu mtu kasoma kisa hiki akaogopa, hilo ni baya zaidi. Makadirio yanayotajwa sana yanasema himolisisi, yaani huko kupasuka kwa chembe nyekundu, inayoonekana ni moja kwa maelfu kadhaa ya mifuko isiyolingana. Ila unampa kwa mahesabu. Kwanza mililita kwa kilo, kwa huyu 10 kwa kilo ingekuwa 110, chini ya nusu ya alichopata. Kama mfuko umetoka kwenye damu nzima ya kawaida unakuwa na plazma kama mililita 50 hivi, mmoja au miwili inamtosha, na usichukue yote kwa mtoaji mmoja mkali. Kipimo cha haraka cha 1 kwa 128 ni tyubu moja, chembe za A, maji ya chumvi na kama robo saa, huna haja ya kushuka ngazi zote mpaka 512, unataka jibu moja tu, inashikanisha au haishikanishi. Ikishikanisha, zungusha mfuko kwenye sentrifyuji, punguza plazma, uache utulie kabla ya kuuchanganya tena taratibu, chembe sahani nyingine zitapotea humo na ukishaufungua una masaa 4 tu ya kuutumia, lakini umetoa sumu. Wenye uwezo wana ule mchanganyiko maalum unaochukua nafasi ya sehemu kubwa ya plazma, sisi hatuna. Na baada ya hapo mkojo uangaliwe, HB irudiwe asubuhi.

Upande wa pili, mtoto wa O kupewa chembe sahani za A, hauogopeshi hivyo. Hapo kingamwili za mtoto ndo zinazila chembe sahani, matokeo yake ni kwamba hazipandi kama ulivyotegemea na unahitaji mfuko mwingine. Inaudhi, inaleta gharama, ila haipasui damu yake. Watu wanachanganya hizi pande mbili na kuziita zote "kundi halilingani" kana kwamba zina uzito mmoja.

Kwetu vilibadilika vitu ambavyo havikuhitaji bajeti. Fomu ina uzito, bila uzito hatupokei. Dozi ya mtoto ni mililita. Kila mfuko wa aferesisi wa O unapita ile tyubu ya 128 mchana, watu wakiwepo, ukiwa mkali unabandikwa karatasi "kwa wagonjwa wa O tu". Lile bango tulilibandua, tukabandika mawili, moja la chembe nyekundu na moja la plazma na chembe sahani, mishale inaangaliana kinyume.

Aliyeniumiza kuliko wote alikuwa mjomba. Alisikia wodini, sijui nani kamwambia, akaja dirishani kwetu amesimama kama mtu aliyeiba. "Kwa hiyo damu yangu ndo ilitaka kumuua mpwa wangu?" Nikamkaribisha ndani nikamwonyesha zile tyubu moja baada ya nyingine. Nikamwambia kaka, damu yako haina ugonjwa wowote, mwili wako una ulinzi mkali tu, sisi ndo tulitakiwa kujua wa kumpa. Kadi yake tukaiandika. Miezi 3 baadaye alirudi mwenyewe bila kuitwa, akakaa kwenye kiti cha aferesisi saa moja na nusu, na mfuko wake ukaenda kwa binti wa miaka 6 wa kitanda cha tatu, kundi O.